MGANGA WA JAMAA NA UGONJWA WA AKILI

Somo kwa wauguzi wa vituo vya afya na dispanseri

Katika nchi kama Uingereza na Uholanzi kila jamaa ina dokta wake. Huyo anawajua baba, mama na watoto, na mtu akipatwa na neno lo lote la mwili au la moyo, huanza kwake. Kwetu Kongo madokta ni wachache, na wengi wanakaa mijini. Basi, ndugu msomaji, mganga wa jamaa ni wewe uliye mkubwa wa kituo cha afya, au uliye peke yako katika dispanseri kule barabara inakokwisha. Wewe ndiwe unayejua ya kuwa mama yule alifiwa na watoto wawili, na ya kuwa mzee yule halali vema tangu vita vilipopita kijijini. Somo hili limeandikwa kwa ajili yako.

Nakuuliza neno moja kwanza. Je, ulipokuwa katika chuo cha wauguzi, ulifundishwa siku ngapi juu ya magonjwa ya akili? Wengi wetu tulijifunza malaria, minyoo, uzazi na kifua kikuu kwa miezi mingi. Juu ya akili tulipewa kurasa chache, na pengine tulitembezwa siku moja katika nyumba ya wenye wazimu, tukaona watu waliozidiwa kabisa. Ndiyo sababu mganga akisikia "ugonjwa wa akili" anamwona mawazoni mwake mtu aliye uchi sokoni, anayeokota takataka na kupiga kelele. Mtu huyo yuko kweli, naye ni mgonjwa wetu. Lakini wako wengine, wengi kumpita, wanaokaa kimya kwenye benchi la dispanseri. Wamevaa vizuri, wameshika fishi mkononi, wanangoja zamu yao.

Jambo hili limepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichunguza wagonjwa waliofika kwa waganga wa kawaida mahali 15 katika nchi 14. Mji wa Ibadan, katika Nigeria, ulikuwa mmojawapo. Watu hao hawakutolewa katika hospitali za wazimu. Walikuja kwa habari ya kichwa, tumbo, kifua, mgongo. Hata hivyo, karibu 24 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa akili unaojulikana kwa waganga, hasa huzuni nzito na wasiwasi. Waganga waliowapokea walitambua karibu nusu yao tu, na wengi wa waganga hao walikuwa madokta waliosoma miaka mingi kuliko wewe na mimi.

Mama anayerudi kila mwezi

Tuseme mama mmoja anakuja Jumatatu. Anasema, "Mganga, kichwa kinauma, mwili wote unawaka moto, moyo unapiga mbio, usingizi hakuna." Unampima, homa hakuna. Unachunguza damu, malaria haionekani. Unampa dawa ya maumivu na vitamini. Baada ya majuma mawili amerudi, sasa ni tumbo. Unampa dawa ya minyoo. Mwezi unaofuata ni mgongo. Fishi yake imejaa dawa pande zote mbili, na mume wake amekwisha kuuza mbuzi. Wewe unaanza kuchoka naye, na wauguzi vijana wakimwona njiani wanachekeana.

Mama huyu hasemi uwongo. Huzuni nzito huondoa usingizi na hamu ya chakula, hukaza shingo na mgongo, hufanya moyo kupiga mbio. Maumivu yake ni maumivu kweli. Tena kwetu mtu hana desturi ya kumwambia mganga, "Nina huzuni." Anadhani dispanseri ni mahali pa mwili, mambo ya moyo hupelekwa kwa shangazi, kwa mchungaji, au kwa mfumu usiku.

Wala si sisi Waafrika peke yetu tulio hivi, kama wengine wanavyopenda kusema. Katika uchunguzi ule ule wa nchi 14 walipatikana watu 1146 wenye huzuni nzito. Walipoulizwa mara ya kwanza sababu ya kuja kwao, 69 katika kila 100 walitaja mwili tu. Lakini walipoulizwa waziwazi juu ya moyo na mawazo yao, ni 11 tu katika kila 100 waliokana. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 1999. Zisome mara ya pili, ndugu. Wagonjwa wengi walikuwa tayari kusema, ikiwa mganga angeuliza.

Namna ya kuuliza

Funga mlango. Kama hakuna mlango, mpeleke chini ya mti, mbali na benchi. Mwombe mume, au mama mkwe, angoje nje kidogo. Sema ya kuwa ni desturi ya kazi yako. Anza na mwili, maana ndio aliokuja nao, na umpime kweli, kwa mikono yako. Mtu asiyeguswa haamini ya kuwa umemsikia. Ndipo uulize, "Mama, kichwa hiki kilianza lini? Wakati ule kulikuwa na nini nyumbani?" Halafu unyamaze. Wauguzi wengi hawajui kunyamaza. Wanauliza, na kabla mgonjwa hajafungua kinywa wanajibu wenyewe.

Baada ya hayo kuna maswali mawili yasiyopasa kuachwa. La kwanza: katika majuma mawili yaliyopita, je, moyo wako umekuwa mzito karibu siku zote? La pili: je, mambo yaliyokufurahisha zamani, kama watoto, kuimba, kuongea na wenzako mtoni, sasa hayakufurahishi tena? Akijibu ndiyo, hata kwa moja tu, endelea: usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kukaza mawazo. Uliza pia kazi inakwendaje. Je, analima? Anapika? Anaoga? Mtu mwenye huzuni ya kufiwa hulia, lakini kwa kawaida siku kwa siku anarudi shambani, na anacheka kidogo mtoto akifanya neno la kuchekesha. Mwenye ugonjwa wa huzuni nzito anaweza kukaa mbele ya moto uliozimika mpaka jioni.

Neno la lugha ni kubwa. Usitafsiri kutoka kitabu cha Kifaransa neno kwa neno. Katika Uganda ya kusini, wilaya za Masaka na Rakai, wachunguzi waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaitaje ugonjwa huo. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja maana yake kujichukia, la pili kujisikitikia, na watu walijua vizuri dalili za kila moja. Nawe keti na bibi wazee wa kijiji chako, uwaulize, "Mtu ambaye moyo wake umekufa naye angali hai, mnamwitaje?" Liandike neno hilo katika kaye yako ya kazi. Litakusaidia kuliko kurasa kumi za masomo ya chuo.

Kabla ya kusema wazimu, tafuta ugonjwa wa mwili

Hapa, ndugu, ndipo watu wanapokufa. Kijana analetwa amefungwa kamba, anasema ovyo, anawapiga ndugu zake, haijui siku. Jamaa wanasema, "Ni mapepo." Muuguzi anasema, "Ni kichaa," anaandika barua ya kumpeleka mbali. Hakuna aliyempima homa.

Uliza swali moja: ilianza lini? Kama jana au juzi alikuwa mzima na leo hajui yuko wapi, tena akili yake inakuja na kwenda, asubuhi nafuu na usiku vibaya, basi fikiri mwili kwanza. Malaria ya ubongo hufanya hivyo. Homa ya uti wa mgongo hufanya hivyo. Inamisha shingo yake uone kama imekakamaa. Sukari ikishuka katika damu hufanya hivyo, hasa kwa mtoto mwenye malaria, kwa mlevi asiyekula, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyedunga insulini bila kula. Mnywaji wa kanyanga au lotoko wa kila siku, akiacha ghafula, hutetemeka na kuona vitu visivyoonekana siku ya pili au ya tatu, naye anaweza kufa. Mzee mwenye maambukizo ya mkojo aweza kupotewa na akili siku chache, akapona kwa dawa ya maambukizo.

Mengine huja polepole, nayo hudanganya zaidi. Ugonjwa wa malale, ukiisha kuingia ubongoni, hugeuza tabia ya mtu. Analala mchana na kuzunguka usiku, anakasirika bure, anaacha kujitunza. Katika vijiji vya malale, mtu wa namna hiyo apimwe kabla ya kuhukumiwa. Siku hizi kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10, vilivyokubaliwa Kongo mwishoni mwa mwaka 2018, vinavyofaa wagonjwa wengi pasipo ule uchungu wa dawa za zamani za sindano. Kaswende ya zamani na UKIMWI hugusa ubongo vilevile. Mtu anayekula mahindi karibu peke yake, mwenye ngozi iliyokuwa nyeusi na kubanduka mahali jua linapopiga, anayehara na kuchanganyikiwa, ana pelagra. Umpe vitamini niasini na chakula chema. Na kule kwenye uvimbe wa shingo, kama kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, ambako madokta walichunguza goita tangu miaka ya 1960, mtu mzito wa mwendo na wa mawazo pengine hana huzuni. Tezi yake ya shingo imedhoofika.

Na mama aliyezaa. Siku chache au majuma machache baada ya kuzaa, akiacha kulala, akasema ya kuwa mtoto si wake, akasikia sauti, hilo ni jambo la haraka. Pima homa, tazama maziwa na tumbo, maana uchafu wa uzazi huleta homa na kuchanganyikiwa. Kama homa hakuna, bado ni haraka. Mtoto asiachwe peke yake naye, wala mama asiachwe peke yake, hata kwenda chooni.

Dawa

Mpaka mwaka 1952 waganga hawakuwa na dawa iliyotuliza wazimu wenyewe. Walikuwa na kamba, maji baridi na dawa za kulaza. Mwaka ule, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, walijaribu chlorpromazine, wengine wanaiita Largactil, wakaona sauti na hofu za wagonjwa zinapungua. Mwaka 1958 Paul Janssen wa Ubelgiji akapata haloperidol. Dawa hizi mbili zingali zinatumika katika hospitali zetu, nazo ni rahisi kwa bei.

Lakini jifunze ubaya wake pia. Haloperidol inaweza kukaza shingo, kuvuta macho juu na kupinda ulimi, mara nyingi katika siku za kwanza. Jamaa wakiona hivyo wanasema amerogwa tena, wanamtorosha usiku, na hawarudi. Waambie mapema, kabla ya kidonge cha kwanza: "Shingo ikikazana, ni dawa, mleteni mbio." Biperideni huondoa mkazo huo, halafu kipimo kinapunguzwa. Waambie tena ya kuwa sauti zikinyamaza, dawa haiachwi siku ile.

Kwa huzuni nzito kuna amitriptyline na fluoxetine. Hazifanyi kazi kesho. Huchukua majuma manne mpaka sita, na mgonjwa akisikia nafuu aendelee miezi 9 au zaidi. Usipomwambia hivyo, ataacha siku ya tano na kusema dawa yako ni maji. Amitriptyline nyingi kwa mara moja inaua, kwa hiyo mtu mwenye mawazo ya kufa apewe ya siku chache tu, na ndugu azishike.

Juu ya Valium nitasema kwa ukali kidogo. Ni dawa njema kwa degedege na kwa mlevi anayetetemeka. Lakini nimeona fishi nyingi ambazo kila mtu asiyelala ameandikiwa Valium, mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo haiponyi huzuni. Baada ya majuma machache mwili unaizoea na kuidai, na mgonjwa anakuwa na magonjwa mawili. Mganga huiandika kwa sababu ni upesi, na benchi ni refu.

Maneno nayo ni dawa, na hapa sisemi mfano tu. Mwaka 2002, kule Masaka na Rakai, watu wa vijiji wenye huzuni nzito walikusanywa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Waliowaongoza hawakuwa madokta. Walikuwa wenyeji waliofundishwa. Walizungumza juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyogeuka. Mwishoni, karibu 6 au 7 katika 100 wa vikundi hivyo walikuwa bado na ugonjwa, na katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa karibu 55 katika 100. Katika Kivu yetu wenyewe, wanawake waliotendewa jeuri wakati wa vita walisaidiwa hivyo hivyo na wanawake Wakongo wasio madokta. Hesabu yao ilichapishwa mwaka 2013: miezi 6 baada ya kazi kwisha, 9 katika 100 wa vikundi walikuwa na dalili za huzuni au wasiwasi wa kiasi cha ugonjwa, na 42 katika 100 wa wale waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu. Kwa hiyo usiseme, "Mimi si dokta wa akili, sina la kufanya." Mwaka 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu kwa ajili ya waganga wasio wa kazi hiyo, nacho kiko kwa Kifaransa pia. Mwombe dokta wa zone akupatie, ukisome ukurasa kwa ukurasa pamoja na wauguzi wako.

Nyumba za maombi

Hatuwezi kupita bila kutaja jambo hili. Jamaa nyingi humpeleka mgonjwa kwenye chumba cha maombi kabla ya kuja kwetu, au baada ya sisi kushindwa. Mimi ni mwinjilisti, siwezi kusema vibaya juu ya kuomba. Lakini kumfunga mtu mnyororo kwenye gogo, kumnyima chakula siku tatu ili pepo adhoofike, kumtupia dawa zake za kifafa chooni kama ushuhuda wa imani, hayo ni mateso. Kifafa kikiachwa bila dawa ghafula, degedege linaweza kuja moja juu ya jingine mpaka mtu afe. Mkumbushe mchungaji habari ya Elia katika 1 Wafalme 19, alipochoka hata akatamani kufa chini ya mti jangwani. Hakukemewa. Alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena, ndipo baadaye yakaja mazungumzo. Wachungaji wengi huielewa habari hiyo mara moja wakiisikia kwa mganga.

Usigombane nao. Nenda kwao, ukae, uombe pamoja nao, kisha uwaulize kama unaweza kumpima mgonjwa homa na kumpa vidonge vyake pale pale. Mara nyingi watakubali, maana hata wao wanachoka na kelele za usiku.

Mtu anayetaka kufa

Wauguzi wanaogopa kuuliza, wakidhani watamtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Kuuliza hakuleti wazo hilo, na walio nalo mara nyingi hushukuru kuulizwa. Sema kwa sauti ya kawaida: "Mzee, wengine wakiwa na mzigo kama wako hufikiri heri kufa. Je, wewe umefikiri hivyo?" Akisema ndiyo, uliza kama amefikiri namna gani, na kama kitu chenyewe kiko nyumbani. Kwetu mara nyingi ni dawa ya kuua wadudu wa shamba, au kamba. Mtume ndugu akaondoe dawa hiyo leo, si kesho. Usimrudishe peke yake. Usimhubirie juu ya dhambi ya kujiua saa ile. Hilo analijua tangu utoto, na ndilo limemfanya anyamaze mpaka leo. Atafutwe mtu mmoja wa kulala naye chumba kimoja, na wewe umwone tena kesho yake.

Wengine watahitaji kupelekwa mbele: wanaotaka kujiua na hawana mtu wa kuwalinda, wenye wazimu usiopungua kwa dawa, mama waliozaa na kuchanganyikiwa. Kuna SOSAME huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1994, na Tulizo Letu huko Goma, na kituo cha Dokta Joseph Guislain huko Lubumbashi. Safari ni ndefu, njia pengine zimefungwa kwa vita, na jamaa huuza shamba kwa nauli. Basi usiandike barua mpaka umefanya yaliyo katika mkono wako. Na akirudi, mpokee. Mgonjwa anayerudi kutoka huko na pakiti ya vidonge vya mwezi mmoja, asimkute muuguzi anayejua kipimo, atakuwa sokoni tena kabla ya mvua. Andika jina lake katika kaye ya peke yake, siku ya kurudi, na jina la ndugu anayemtunza. Asipofika siku ile, mtume mshauri wa afya wa kijiji amfuate nyumbani.

Maswali ya kujibu pamoja na wauguzi wenzako

1. Chukua fishi za wagonjwa waliorudi zaidi ya mara tatu mwaka huu kwa maumivu bila homa. Je, katika fishi ngapi kumeandikwa swali lo lote juu ya usingizi, moyo au nyumba?

2. Kijana ameletwa leo amefungwa, amechanganyikiwa tangu juzi. Taja mambo matano utakayopima kabla ya kutaja wazimu.

3. Katika lugha ya kijiji chako, huzuni nzito inaitwaje? Nani alikuambia?

4. Ni wagonjwa wangapi kwako wanatumia Valium zaidi ya mwezi mmoja? Mtaipunguza namna gani, polepole, bila kuiondoa ghafula?

5. Chumba cha maombi kilicho karibu nawe kiko wapi, na lini utakitembelea?